Shajara ya mradi: kufuatilia asili ya neno "masihara"

9 Februari 2025: Neno na mpaka wake

Lengo la mradi ni moja: kuandika historia ya neno masihara kwa namna ambayo mwingine ataweza kuifuata, kisha aitumie kwa neno lake mwenyewe. Nimelichagua kwa kuwa liko midomoni mwetu kila siku, na kwa kuwa kamusi ya mkononi hulimaliza kwa kisawe kimoja au viwili. Ukiambiwa masihara ni mzaha, mzaha ni utani, na utani ni masihara, umezungushwa tu, hujaelezwa kitu.

Nilianza na masikio kabla ya vitabu. Kwenye daladala, sokoni, redioni, nyumbani, kila neno lilipopita niliandika sentensi nzima pamoja na nani anamwambia nani. Msiandike neno peke yake. Neno lililotolewa kwenye sentensi yake halisemi lolote baada ya wiki mbili.

"Acha masihara." "Yule mama hana masihara hata kidogo." "Mnaleta masihara kwenye kazi ya watu." "Nilidhani ni masihara, kumbe kweli."

Daftari lilipoanza kujaa, jambo moja lilijitokeza lenyewe. Masihara karibu kila mara husimama na katazo au kanusho: acha, usilete, hana, siyo. Watu hulitaja wanapotaka jambo likome, au wanapotaka kusema halipo. Mzaha hauko hivyo. Babu anaweza kusifiwa kwa mizaha yake, na hakuna anayeona ubaya.

Utani nao uko mbali zaidi, na hapa nilikaa muda mrefu kwa sababu ndipo maana ya masihara inapoonekana vizuri. Msibani, watani hufanya vituko ambavyo mtu mwingine akivifanya atafukuzwa: wanaiga mwendo na sauti ya marehemu, wanazuia shughuli hadi wapewe fedha, wanawachekesha wafiwa machozi yakiwa bado mashavuni. Ni upuuzi wa wazi, tena mbele ya jeneza. Lakini hakuna anayeuita masihara, kwa sababu watani wana haki yao na wanaitimiza. Mtu asiye mtani akithubutu robo ya hayo, neno litatoka papo hapo: "Huyu analeta masihara kwenye msiba wa watu?"

Maana ya kufanyia kazi basi ni hii: masihara ni upuuzi na vichekesho vinavyofanywa mahali ambapo mfanyaji hana ruhusa navyo. Nitaishikilia hadi ushahidi uikatae.

Gharama hadi hapa: daftari na kalamu.

23 Februari 2025: Dhana ya kwanza, sihiri. Imeanguka

Katika kuuliza watu "neno hili limetoka wapi", jibu lililorudi mara nyingi ni sihiri, yaani uchawi. Hoja yake inavutia. Sihiri ina s, h na r. Masihara ina s, h na r kwa mpangilio uleule. Mtu wa masihara, waliniambia, anakuzuga kama aliyekuroga. Wengine walilihusisha na Masihi, lakini hilo halikunichukua muda: Masihi latoka kwenye mzizi wa kupaka na kupangusa, na halina r kabisa.

Sihiri ilihitaji kujibiwa kwa makini, na jibu lake ndilo funzo kubwa la kiufundi katika mradi huu.

Kiarabu kina sauti tatu ambazo Kiswahili sanifu kimezipokea zote kwa herufi moja, h. Kuna h nyepesi. Kuna h nzito ya kooni, iliyomo katika hali, haki na sihiri. Na kuna kh ya kukwaruza, iliyomo katika maneno ambayo leo tunayaandika habari, hatari, heri, hasara na muhtasari. Maandishi ya Kiswahili ya karne ya 19 bado yana khabari. Lahaja ya Unguja ilichaguliwa mjini Mombasa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ikaanza kazi mwaka 1930. Katika tahajia iliyokuja kuenea, kh nyingi zikawa h. Kwa mwandishi wa kawaida ilikuwa nafuu. Kwa mtafuta asili ni pazia, kwa maana ukikuta h kwenye neno lenye asili ya Kiarabu huwezi kujua kwa kulitazama tu ilikuwa ipi kati ya tatu.

Jaribio la kwanza lilikuwa kurudi kwenye miswada ya Kiswahili iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambayo sasa inasomeka mtandaoni kutoka makusanyo ya vyuo vikuu. Katika mwandiko huo kh na h nzito zina umbo moja; tofauti ni nukta moja juu. Njia hii niliiacha mapema na siipendekezi kwa neno la aina hii. Sehemu kubwa ya miswada hiyo ni tenzi za dini, mawaidha na barua, si mahali pa kutafuta maneno ya vichekesho. Na mwandiko wa haraka huacha nukta, na nukta ndiyo iliyokuwa inatafutwa. Vifurushi vya intaneti vilikwenda vingi hapa kuliko mahali pengine popote.

Suluhisho lilikuwa watu walio hai. Bado wapo wazungumzaji wa pwani, hasa wazee na waliosoma chuo cha Kurani, ambao hutofautisha sauti hizi bila kufikiri. Anasema "kheri" na "khabari" kwa kukwaruza, lakini hawezi kusema "khaki" akimaanisha haki. Mtu wa namna hiyo ni kipimo. Nilikwenda kwa bibi mmoja mzaliwa wa Unguja, nikamwamkia, tukazungumza mambo mengine kabisa. Usimwambie mtu "tamka neno hili", maana atalitamka kama lilivyoandikwa. Ngoja lije. Lilikuja alipomkemea mjukuu: "We mtoto, niondolee maskhara yako hapa!" Kh safi, na bila i baada ya s. Baadaye tukagusa habari za waganga, akasema sihiri kwa h ya kooni.

Neno lina kh, sihiri haina. Dhana ikafungwa. Tahajia masikhara na maskhara, ambazo bado mtu anazikuta kwenye maandishi ya leo, zinashuhudia jambo hilohilo.

9 Machi 2025: I iliyoingia katikati

Hatua fupi. Ikiwa umbo la zamani ni maskhara, i ya masihara imetoka wapi? Kiswahili hakipendi konsonanti mbili zigongane, na hupitisha irabu kati yake: maḥkama ikawa mahakama, mashhūr ikawa mashuhuri, aṣl ikawa asili. Hiyo asili ndiyo mfano bora, kwa sababu irabu iliyoingia baada ya s ni i, kama kwenye masihara.

Kuna swali nililitarajia: mbona maskini na maskani hazikuwa masikini na masikani? Kwanza, watu wengi husema masikini. Pili, s na k zinabebana kwa urahisi zaidi kuliko s na h. Kwa aliyebaki na kh, maskhara inatamkika bila i. Kh ilipokuwa h, mgongano ukawa mgumu na i ikahitajika. Ndiyo maana bibi hakuwa nayo.

23 Machi 2025: Dhana ya pili, Wareno. Imeanguka

Rafiki mmoja mwalimu wa historia alileta hoja nzuri: Kireno kina máscara, kinyago cha uso. Wareno walifika pwani yetu mwaka 1498, wakaanza kujenga Ngome ya Yesu Mombasa mwaka 1593, wakaipoteza mwaka 1698. Wametuachia meza, bendera, gereza, leso, karata. Kwa nini wasituachie na masihara?

Kwa sababu ya k. Maneno ya Kireno yenye sauti ya k yaliingia na k yake ikabaki: carta ikawa karata, caixa ikawa kasha. Hakuna hata moja ambapo k hiyo ilikuwa h, sembuse kh. Máscara ingetupa maskara. Na maana yake ni kitu cha kufunika uso, wakati katika sentensi zote nilizokusanya masihara ni tendo, halijawahi kuvaliwa na mtu.

Wanaotaka kufuata njia hii kwa neno jingine wakumbuke utaratibu: sauti kwanza, umbo la pili, maana mwisho. Maana inanyumbulika mno. Mtu mwenye bidii anaweza kuunganisha maana mbili zozote. Sauti haina huruma hiyo.

6 Aprili 2025: Mzizi

Kwa mzizi nilikwenda kwa ustadhi anayefundisha Kiarabu mtaani kwetu. Hakutaka malipo, nilimpelekea sukari na majani ya chai, akavipokea kwa dua.

Mzizi ni s-kh-r. Kitenzi chake cha msingi ni kucheka kwa dharau, kukejeli. Upo katika aya ya 11 ya Sura al-Hujurat, inayokataza watu kuwadharau watu wengine, kwani huenda wanaochekwa wakawa bora kuliko wanaocheka. Katazo tunalolisikia leo kwenye "acha masihara" lilikuwa tayari linaandamana na mzizi huu karne 14 zilizopita.

Mzizi huohuo una tawi jingine: kutiisha, kukifanya kitu kimtumikie mtu. Kila msafiri Mwislamu anayesoma dua ya safari, akimtukuza aliyetutiishia chombo hiki, analitamka tawi hilo: sakhkhara. Kutoka hapo Kiarabu kina sukhra, kazi ya kulazimishwa bila ujira. Nilimuuliza ustadhi kicheko na utumwa vinakutana wapi. Akasema anayechekwa amewekwa chini, na aliyetiishwa amewekwa chini. Naiandika kama alivyoisema; ni maelezo yake na yananiridhisha, ila sitayaingiza kwenye kidahizo, yaani maelezo ya neno hili kama yatakavyokaa kwenye kamusi.

Umbo ndilo lililonifurahisha zaidi. Maskhara imejengwa kwa kipimo kilekile, yaani muundo uleule wa kuundia maneno, cha madrasa, mahakama na maktaba. Kiswahili kinazo zote tatu, na kinazo jamaa zake pia, kwa hiyo msomaji anaweza kuliona hili bila kujua Kiarabu: madrasa ni mahali pa darasa, mahakama ni mahali pa hukumu, maktaba ni mahali pa kitabu. Basi maskhara ni mahali pa dhihaka, pale inapotua.

"Ustadhi, hapo mahali ni mtu au ni jambo?"

"Kicheko kikitua kwa mtu, mwanangu, mtu ndiye maskhara. Kikitua kwa jambo, jambo ndilo maskhara."

27 Aprili 2025: Neno lilivyosafiri, na dhana ya tatu

Jibu la ustadhi liliniletea dhana ya tatu. Katika Kiurdu na Kihindi maskhara ni mtu: mchekeshaji, mpumbavu wa kuchekesha. Katika Kituruki maskara ni mtu pia, yule anayejifanya kichekesho au aliyefanywa kichekesho. Kwetu ni tendo. Huwezi kusema "yule ni masihara". Utasema "yule ni mtu wa masihara". Nikadhani basi kwamba Waswahili ndio waliolihamisha neno kutoka kwa mtu kwenda kwa tendo, na dhana hii niliipenda, kwa sababu ingesema jambo zuri juu ya lugha yetu: kwamba tunakemea kitendo na kumwacha mtu na utu wake.

Haikusimama. Kiarabu cha mazungumzo kina kitenzi tamaskhara, kufanya mzaha, na humo maskhara ni tendo la mzaha lenyewe. Na Kibengali, kilicho mbali nasi, kina moshkora yenye maana ya mzaha, si mtu. Kwa hiyo mtu na tendo vilikuwa pamoja tangu mwanzo, na kila lugha ikachukua upande wake. Kiurdu na Kituruki vilimchukua mtu, Kiswahili na Kibengali vikachukua tendo. Hakuna aliyehamisha.

Sasa Ulaya, maana msomaji yeyote atauliza. Kiitaliano kina maschera, kinyago cha uso, na kutoka hapo Kifaransa na Kiingereza vikapata maneno yao, hata jina la wanja wa kope. Wapo wanaosema yote hayo yametoka kwenye maskhara: mchekeshaji huvaa kinyago, jina la mtu likageuka jina la kitu. Kihistoria si jambo gumu kuliwazia, kwani Waarabu walianza kuiteka Sicily mwaka 827 na maneno mengi yaliingia Kiitaliano kupitia huko.

Lakini kuna kikwazo kizito. Sheria za Rothari, mfalme wa Walombardi waliotawala sehemu kubwa ya Italia, zilizotolewa mwaka 643 kwa Kilatini, zina neno masca, na maana yake ni mchawi mwanamke. Ni karibu karne mbili kabla ya Sicily. Neno la Ulaya lilikuwa na mizizi yake nyumbani tayari. Wanaotetea Kiarabu hujibu kwamba masca haielezi mwisho wa maschera, na kwamba huenda maneno mawili yalikutana yakashikana. Naona hoja hiyo ina nguvu, ila kwa kidahizo cha Kiswahili haina kazi: neno letu lilikuja moja kwa moja kutoka Kiarabu, bila kupita Italia. Kidahizo kitataja undugu huo kwa sentensi moja tu, tena kwa "huenda".

Na hapo mchawi amerudi. Watu walioniambia masihara inatokana na sihiri hawakuwa na habari ya Walombardi, lakini kicheko cha kinyago na hofu ya mchawi vimewahi kukaa katika neno moja, huko. Kwetu havijakaa.

Gharama: kudurufu kurasa za kamusi za Kiarabu na Kiurdu maktabani, shilingi 100 kwa ukurasa, na nauli. Jumla haikufika shilingi 20,000.

18 Mei 2025: Kwa nini "masihara haya"

Hatua hii sikuipanga. Ilizuka nilipoanza kuandika kidahizo na kufika kwenye ngeli. Tunasema maktaba hii, madrasa hii, mahakama hii. Lakini tunasema masihara haya, masihara mengi, masihara yake yamezidi. Maneno ya kipimo kimoja, ngeli mbili.

Ma- katika yote manne si kiambishi cha Kiswahili. Ni sehemu ya kipimo cha Kiarabu. Katika majengo Waswahili waliiacha ilivyo. Katika masihara waliisikia kama ma- yao wenyewe, ile ya wingi. Ukitazama maneno yanayokaa jirani nalo, inaeleweka: matusi, maringo, madaha, majigambo, majivuno, mashauzi. Ni tabia zinazofanywa mbele za watu, zinazojirudia, ambazo mtu hazifanyi mara moja akamaliza. Masihara yalipoingia yaliketi na wenzake. Hapa ndipo ninapoona mkono wa Waswahili, na huu hauhitaji kutegemea maana: upo kwenye upatanisho wa kila sentensi.

Mzaha lilipatwa na jambo kama hilo kwa upande mwingine. Kwa Kiarabu ni muzāḥ, na m yake ni ya mzizi wenyewe, haiondoki. Waswahili wakaisikia m- ya mti na mkono, wakatoa wingi: mizaha. Hata methali ikajengwa juu yake, mzaha mzaha hutumbuka usaha. Masihara hayana umoja, kwa hiyo hakuna anayesema sihara.

8 Juni 2025: Kidahizo, rasimu ya kwanza

Nimekisoma kwa ustadhi na kwa bibi. Ustadhi aliongeza maelezo ya kipimo. Bibi aliondoa neno "utani", ambalo nilikuwa nimeliweka kama kisawe cha tatu. "Utani una wenyewe," alisema, "masihara hayana mwenyewe." Nimeliondoa.

masihara (pia maskhara, masikhara), nomino, ngeli ya ya-ya, haina umoja. 1. Upuuzi wa kuchekesha unaofanywa mahali au wakati usioruhusu: acha masihara kazini. 2. Maneno au matendo yasiyo ya kweli, yanayosemwa kwa mchezo: nilidhani masihara. 3. Kwa ukanushi, sifa ya mtu mkali au makini: hana masihara. Vitenzi vinavyoandamana nalo: leta, fanya, acha. Mtendaji: mtu wa masihara. Asili: Kiarabu maskhara, mahali dhihaka inapotua, kutoka mzizi s-kh-r, kukejeli, kh ikawa h, na i ikaingia kati ya s na h. Halina uhusiano na sihiri wala Masihi. Linganisha Kiurdu maskhara na Kituruki maskara, mchekeshaji. Kibengali moshkora, mzaha. Huenda na Kiitaliano maschera.

Maana ya 2 bado inahitaji sentensi kutoka bara, kwa wazungumzaji wasiolelewa pwani, kwa sababu karibu zote nilizonazo ni za Dar es Salaam na Unguja. Mwenye nazo aandike sentensi nzima, aliyesema, aliyeambiwa, na kama walicheka.